Kinachoamua Kasi ya Kuyeyuka

Kuna maswali mawili ambayo karibu kila mtu huyachanganya: kitu fulani kinayeyuka kiasi gani, na kinayeyuka upesi kiasi gani. La kwanza lina jibu kwenye jedwali. Chumvi ya kawaida, kwa mfano, huyeyuka gramu 36 hivi kwenye mililita 100 za maji ya nyuzi joto 20. Ukizidisha hapo inabaki chini, hata ukikoroga hadi kesho. La pili halina jedwali. Chumvi ileile, kwenye maji yaleyale, inaweza kuisha ndani ya sekunde chache au ikakaa saa nyingi chini ya bilauri, kutegemea ilivyosagwa, ilipowekwa na jinsi maji yanavyotembea.

Kazi yangu imo kwenye swali la pili. Niko maabara ya ubora wa dawa, upande wa kupima vidonge vinavyoyeyuka. Mbele yangu huwa kuna vyombo sita vya kioo vyenye kitako cha mviringo. Kila kimoja kina mililita 900 za kimiminika chenye nyuzi joto 37, kidonge kimetulia chini, na juu yake kasia dogo la chuma linazunguka mara 50 kwa dakika. Kila muda uliopangwa ukifika navuta sampuli kwa bomba la sindano, naichuja, naipitisha kwenye mashine inayopima mwanga uliofyonzwa, napata asilimia ya dawa iliyokwisha kuingia majini. Kadiri ninavyoifanya kazi hii ndivyo ninavyozidi kuvutwa na jambo moja: kinachoamua matokeo mara nyingi si kidonge peke yake wala maji peke yake. Ni kitu kilicho katikati yao, chembamba mno, ambacho jicho halikioni.

Maji yanayogusa uso wa kitu kigumu hayaendi na mkondo. Koroga utakavyo, yale yaliyogusana na uso yamesimama, yaliyo juu yake kidogo yanajikokota, na ni mbali zaidi ndipo maji yanapokimbia kwa kasi unayoiona. Kwa hiyo kila kitu kigumu kilichozama kimejifunika tabaka la maji matulivu. Molekuli zinapobanduka usoni huingia kwanza kwenye tabaka hilo, na sehemu yake ya ndani kabisa hujaa upesi mpaka ikafika kikomo. Ikishajaa, molekuli mpya zitabanduka kwa kadiri tu zile za mwanzo zinavyopata njia ya kutoka. Na ndani ya maji yaliyosimama njia ni moja tu, kusambaa: molekuli inagongwa na molekuli za maji huku na huku, inakwenda mbele, inarudi, inapinda, hadi siku moja inajikuta nje.

Kusambaa ni usafiri wa ajabu. Kwa molekuli ndogo ndani ya maji, umbali wa mikromita 50, ambao ni unene wa unywele mwembamba, huchukua takriban sekunde moja. Umbali wa sentimita moja huchukua kama saa 14. Muda haukui sawasawa na umbali, unakua kwa mraba wake: umbali ukizidi mara 200, muda unazidi mara 40,000. Ukiielewa hesabu hii umeelewa nusu ya habari yote ya kuyeyuka, maana tofauti kati ya kitu kinachoisha mara moja na kitu kinachokaa mchana kutwa mara nyingi ni unene wa lile tabaka tu.

Waliolifungua jambo hili walikuwa Arthur Noyes na Willis Whitney, wakiwa MIT, chuo cha teknolojia nchini Marekani, mwaka 1897. Walichukua vijiti vya asidi benzoiki na vijiti vya kloridi ya risasi, wakavizungusha ndani ya maji kwa mwendo usiobadilika, huku joto limedhibitiwa, wakapima ukolezi wa maji, yaani wingi wa kitu kilichoyeyuka ndani yake, kadiri muda ulivyokwenda. Ninachokipenda kwenye jaribio hilo ni uteuzi wa vitu vyenyewe. Kimoja ni asidi ya kikaboni, kingine ni chumvi ya metali nzito. Havina undugu wowote wa kikemia. Lakini vyote viwili vilifuata sheria moja: kasi inalingana na pengo lililobaki kati ya kikomo cha umumunyifu (kiasi cha juu kabisa ambacho maji yanaweza kubeba) na ukolezi uliopo majini wakati huo. Mwanzoni pengo ni kubwa, kitu kinakwenda mbio. Maji yakikaribia kushiba, kasi inashuka hadi kama imekufa. Vitu visivyofanana vikitii sheria moja, maana yake breki haiko ndani ya vitu hivyo, iko kwenye maji yanayovizunguka. Wao wenyewe waliliona hilo, wakaeleza kuwa juu ya uso kuna tabaka jembamba la myeyusho ulioshiba. (Whitney huyuhuyu ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa maabara ya utafiti ya General Electric, mwaka 1900.)

Mwaka 1904 Walther Nernst na Erich Brunner, huko Ujerumani, waliipa sheria hiyo sura tunayoitumia hadi leo. Kasi ya kuyeyuka ni eneo la uso, mara wepesi wa molekuli kusambaa, mara lile pengo la ukolezi, kisha unagawanya kwa unene wa tabaka. Basi. Karibu kila hila anayoijua mtu ya kuharakisha kuyeyuka inagusa mojawapo ya hivyo vinne. Kukoroga kunapunguza unene wa tabaka. Kusaga kunaongeza eneo. Kubadilisha maji kunarudisha pengo. Joto linagusa zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja, nalo lina habari yake.

Wengi husema maji ya moto huyeyusha upesi kwa sababu yanabeba zaidi. Kwa sukari ni kweli, maji ya moto hubeba zaidi sana. Lakini iangalie chumvi ya kawaida. Kutoka nyuzi 20 hadi 100 kikomo chake kinapanda kutoka gramu 36 hadi kama 39 tu kwa gramu 100 za maji, tofauti ndogo mno, na bado inayeyuka haraka zaidi kwenye maji ya moto. Kilichobadilika si uwezo wa kubeba, ni mnato, yaani jinsi kimiminika kinavyogoma kutiririka. Maji ya nyuzi 80 yana mnato wa karibu theluthi moja tu ya maji ya nyuzi 20, na molekuli zinasambaa ndani yake kwa wepesi wa zaidi ya mara tatu. Chumvi ndiyo mfano ninaopenda kumpa mwanafunzi yeyote anayekuja maabara kujifunza, kwa sababu yale maswali mawili yanaachana mbele ya macho yake: kiasi kimesimama palepale, kasi imeruka.

Kuhusu kukoroga, watu hufikiri ukikoroga mara mbili zaidi kitu kitayeyuka mara mbili zaidi. Sivyo. Veniamin Levich, mwanasayansi wa Urusi ya Kisovieti, alipiga hesabu ya mkondo kwenye sahani inayozunguka miaka ya 1940, akaonyesha kuwa ndani ya lile tabaka maji hayajasimama kabisa, na kwamba kasi inapanda kwa mzizi wa mraba wa mzunguko: ili upate mara mbili ya kasi, inabidi uzungushe mara nne. Tabaka linakubali kupungua lakini kwa shingo upande, na halitoweki kamwe.

Kuna jaribio moja ambalo yeyote anaweza kulifanya bila kifaa chochote cha maabara, nami nalihimiza sana. Chukua bilauri mbili za maji yaliyotulia na vipande viwili vya sukari vinavyolingana. Kimoja kiache kizame hadi chini. Kingine kiweke ndani ya kipande cha wavu, ukining'inize kiwe kimezama kidogo tu chini ya uso wa maji. Usikoroge. Kile kilichoning'inizwa kitaisha mapema, na kwa tofauti kubwa. Ukiiweka bilauri mbele ya mwanga utaona sababu: nyuzi nyembamba za myeyusho zinashuka kutoka kwenye kile kipande cha juu, kwa sababu maji yenye sukari ni mazito kuliko maji matupu. Kila uzi unaoshuka unaacha nafasi, maji mapya yanaingia, pengo la ukolezi linabaki wazi. Kile cha chini nacho kinatoa myeyusho uleule mzito, lakini hauna pa kwenda. Umelala juu yake kama blanketi, na unazidi kunenepa. Sukari ileile, maji yaleyale, joto lilelile. Mahali tu ndipo palipotofautiana.

Hilo si jambo la bilauri pekee. Kwenye vyombo vyangu vya maabara, pale katikati ya kitako, moja kwa moja chini ya kasia, kuna eneo ambalo maji yanazunguka bila kubeba kitu. Kuna vidonge ambavyo vikishasambaratika, unga wake hukusanyika hapo na kujenga kilima kidogo chenye ncha. Kwa mizunguko 50 kwa dakika kilima hicho kinaweza kukaa muda wote wa jaribio, unga wa ndani ukiwa haujagusana na maji mapya hata kidogo. Pandisha hadi mizunguko 75, kilima kinavunjika, asilimia inapanda ghafla. Dawa haijabadilika kwa lolote. Ndiyo maana ninapopokea matokeo ya chini, kabla sijasema neno kuhusu kidonge, huinama nikatazama chini ya kasia. Vilevile nawinda vipovu. Kimiminika kikiwa na hewa iliyoyeyuka ndani yake, kikipashwa joto hewa hiyo hutoka na kung'ang'ania uso wa kidonge, na kila kipovu ni sehemu ya uso iliyonyimwa maji. Kwa hiyo kimiminika huondolewa hewa kwanza. Wageni hushangaa tunavyotumia muda mrefu kuandaa maji kuliko kupima dawa, lakini anayejua breki ilipo hashangai.

Eneo la uso ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu unaweza kuliongeza kwa mamia. Mche-mraba wa sentimita moja una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukate kuwa vimiche vya milimita moja, unapata vimiche 1,000 vyenye jumla ya sentimita 60 za mraba. Shuka hadi sehemu moja ya kumi ya milimita, ni 600. Kwa chembe ndogo kabisa kuna faida ya pili isiyosemwa sana: tabaka lenyewe linakuwa jembamba, kwa sababu chembe ya mikromita chache haiwezi kuvaa tabaka nene kuliko nusu ya upana wake hivi. Faida hizi mbili zikiungana, muda wa chembe kuisha unashuka kwa mraba wa ukubwa wake.

Niweke tarakimu, maana hapa ndipo penye utamu. Fikiria dawa isiyopenda maji, ambayo lita moja inaweza kubeba miligramu 10 tu. Chembe yake yenye upana wa mikromita 50, hata ikipewa maji mengi yasiyoshiba, itahitaji zaidi ya saa 18 kuisha kwa hesabu ya kusambaa. Isage hadi mikromita 5, hesabu ileile inakupa kama dakika 11. Mtu aliyemeza ile ya kwanza, sehemu kubwa ya dawa imempita bila kumsaidia. Hili lilitokea kwa griseofulvini, dawa ya fangasi: iliposagwa laini zaidi, dozi iliweza kupunguzwa hadi nusu na mgonjwa akapata kiwango kilekile mwilini. Digoksini, dawa ya moyo ambayo pengo kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni jembamba, ilitoa onyo zito. Mwaka 1971 madaktari nchini Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa vidonge vyenye kiasi kilekile cha dawa kwenye lebo, kutoka kwa watengenezaji tofauti, vilitoa viwango vya damu vilivyopishana hadi mara saba. Kiasi kilikuwa sahihi. Kasi ya kuyeyuka ndiyo iliyokuwa haifanani. Mwaka mmoja kabla, 1970, kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha Marekani kilikuwa kimeingiza kipimo cha kuyeyuka kwa mara ya kwanza, na tangu hapo kazi kama yangu ikawa sharti katika maabara za dawa duniani.

Lakini usidhani kusaga kunafaulu siku zote. Unga laini sana usiopenda maji hujikunja kuwa madonge, hewa imenaswa katikati, ukaelea. Eneo lipo kwenye hesabu ila maji hayalifikii. Na unga wa gundi ukimwagwa majini hujivika ute kwa nje papo hapo, ndani ukabaki mkavu kabisa. Katika hali hizo chembe kubwa kidogo hushinda, au unga unachanganywa kwanza na kitu kingine kinachozitenganisha chembe.

Sasa, si kila kitu kinachotawaliwa na tabaka la maji. Kuna vitu ambavyo kubanduka kwenyewe ndiko kugumu. Molekuli zikishatoka usoni zinaondoka bila foleni. Kipimo cha kuvitambua ni rahisi: ongeza mzunguko. Kasi ya kuyeyuka isipobadilika, breki iko kwenye uso. (Kwa unga laini sana kipimo hiki hudanganya, kwa sababu chembe ndogo husafiri pamoja na mkondo na kukoroga hakuzigusi sana, tumia kipande kikubwa.) Madini mengi yenye umumunyifu mdogo yako kundi hili. Kwenye uso wa fuwele, yaani kitu kigumu ambacho chembe zake zimepangika kwa utaratibu, atomi iliyozungukwa na wenzake pande zote haitoki kirahisi. Inayotoka ni ile ya ukingoni, au ya kwenye kona ya ngazi ndogondogo za uso, yenye majirani wachache wa kuishika. Ndiyo maana fuwele ya namna hiyo haiishi sawasawa kama inavyopigwa msasa. Hutoboka vishimo pale penye kasoro. Na ndiyo maana kiasi kidogo sana cha fosfati kinaweza kupunguza mno kasi ya kalisaiti, madini ya mawe ya chokaa, kuyeyuka: fosfati inakaa kwenye zile kona na kuziba milango michache iliyopo. Kalisaiti hiyohiyo, ukiitia kwenye asidi kali, hubadili kundi. Uso unabanduka kwa kasi kubwa kiasi kwamba sasa usafiri ndio unaochelewa, na kukoroga kunarudi kuwa na maana. Upande wa mbali kabisa iko kwatzi, madini yaliyo kwenye mchanga mwingi. Mwaka 1984 Antonio Lasaga alikadiria kuwa fuwele ya kwatzi ya milimita moja, kwenye maji ya nyuzi 25 yenye asidi kidogo, ingehitaji takriban miaka milioni 34 kuisha. Hapo kukoroga hakusaidii chochote.

Kikomo cha umumunyifu nacho si cha kuaminiwa kupita kiasi, kwa sababu kinategemea jinsi molekuli zilivyopangwa ndani ya fuwele. Molekuli zilezile zikipangwa kwa mtindo mwingine ulioshikamana zaidi, kikomo kinashuka na kasi inashuka nacho. Ritonaviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, ilikuwa sokoni tangu 1996. Mwaka 1998 vidonge vyake vya kapsuli vilianza kuanguka kwenye kipimo cha kuyeyuka, na uchunguzi ukaonyesha fuwele za umbo jipya lenye umumunyifu mdogo zaidi, ambalo halikuwa limeonekana kabla. Kapsuli hizo zikaondolewa, dawa ikabidi iundwe upya. Habari hii huirudia kwa kila anayejiunga nasi, kwa sababu waliogundua walianza na kitu kilekile tunachokitazama sisi kila siku: asilimia iliyoshuka bila sababu ya wazi. Hakuna kipimo cha kiasi ambacho kingeikamata. Molekuli zilikuwa zilezile.

Mwisho niwaeleze vidonge ambavyo tabaka limetengenezwa makusudi, maana hivi ndivyo watu wanavyoviharibu majumbani bila kujua. Vidonge vingi vya kutoa dawa polepole vina polima (kitu chenye molekuli ndefu kama minyororo) inayovimba ikiguswa na maji, kama haipromelosi. Dakika chache baada ya kumezwa, uso wa kidonge unageuka ute mzito, na dawa iliyo katikati inalazimika kusambaa kupita humo. Ute unalika kwa nje, mwingine unaundwa kwa ndani, unene haubadiliki sana, na dawa inatoka kidogo kidogo kwa saa 12 au hata 24. Vya namna hii navipima siku nzima. Mkunjo wake kwenye grafu hupanda taratibu sana, na ninaona fahari kuutazama kwa sababu naijua hesabu iliyo nyuma yake. Mtu akikiponda kidonge hicho ili kimezeke kwa urahisi, ute hauna pa kujengeka: eneo la uso limeongezeka kwa mamia, unene wa tabaka umeporomoka, na dozi iliyopangiwa siku nzima inaingia mwilini kwa mkupuo. Kwa hiyo kabla ya kuponda, kukata au kutafuna kidonge chochote kilichoandikwa kuwa kinatoa dawa polepole, muulize mfamasia kama kuna aina nyingine ya dawa hiyo, ya maji au ya kidonge cha kawaida.